Kikundi cha Familia: Hudi za Safari ya Mlimani

Jumanne

[18:04] Mwanaidi: Hamjambo jamani. Leo tunamaliza suala la hudi, zile sweta zenye kofia. Nauliza tangu juzi, naambulia tiki za buluu tu.

[18:05] Mwanaidi: Kila mmoja aandike saizi, zipu ndefu au fupi, na kama anavumilia sufu mwilini. Basi.

[18:31] Mwanaidi: Jamani.

[18:40] Sefu: Mimi saizi ya kuvutia

[18:40] Tunu: 😂😂😂

[18:41] Mwanaidi: Sefu, saizi.

[18:41] Sefu: L. Ila ile yangu nyeusi ina kosa gani? Nzito, nzuri, ina joto.

[18:44] Mwanaidi: Ile ni pamba. Ina joto ukiwa umekaa sebuleni. Ukipanda na begi mgongoni utatoka jasho, pamba italinywa lote, ukisimama kupumzika baridi inakuingia kupitia nguo hiyohiyo uliyoitegemea. Iloweshe leo uianike, uone itakauka lini.

[18:46] Sefu: Nikiianika Tunu ataiba

[18:46] Tunu: Ile? Hata bure sitaki

[18:50] Mwanaidi: Sikilizeni. Tunatafuta nguo ya katikati. Ndani fulana nyepesi ya kuondoa jasho mwilini, nje jaketi la kuzuia upepo na mvua, hudi inakaa kati kushikilia joto. Ikiwa nene sana jaketi litaingia kwa kubana, na hudi ikibanwa ile hewa iliyomo kwenye kitambaa inatoka. Na joto lenyewe ndiyo hiyo hewa.

[18:52] Mama Nasri: Nyepesi kiasi gani wifi? Kwenye matangazo kila moja wanaiita nyepesi.

[18:57] Mwanaidi: Soma maelezo yake, wanaandika gramu kwa mita moja ya mraba ya kitambaa. Flisi, kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya kisicho cha pamba, ya kati ya 150 na 200 inatutosha. 100 ni ya mtu anayekimbia. 300 ni ya kukaa kambini, ukitembea nayo utaivua njiani na kuibeba mkononi.

[18:59] Mwanaidi: Halafu kuna flisi ambayo upande wa ndani ina vijumba vya mraba. Mimi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Vijumba vinashika hewa, vile vijia kati yake vinapitisha jasho, na ukiikunja inaenea kwenye pembe ya begi.

[19:10] Anko Hamisi: *Imesambazwa mara nyingi* 🌹 ASUBUHI NJEMA, LEO NI SIKU YA BARAKA 🌹

[19:11] Sefu: Anko ni usiku

[19:11] Tunu: Anko anatuwahi ya kesho 😂😂

[19:12] Mwanaidi: Anko tuko kwenye hudi tafadhali.

[19:30] Shangazi: Sufu siitaki, inaniwasha shingo.

[19:33] Mwanaidi: Shikamoo Shangazi. Sufu ya kondoo wa merino nyuzi zake ni nyembamba, wengi haiwawashi. Uzuri wake hata ikiwa na unyevu bado inatia joto, na haishiki harufu upesi. Ubaya, hukauka polepole kuliko flisi, na mikanda ya begi huila mabegani. Wewe tukuandikie flisi.

[19:34] Mwanaidi: Saizi yako je Shangazi?

[19:36] Mama Nasri: Na zile za manyoya ya bata? Si ndizo nyepesi kuliko zote?

[19:39] Mwanaidi: Ni nyepesi kweli, na usiku kambini ni nzuri mno. Lakini manyoya yakilowa yanagandana, joto linakwisha. Kwenye kupanda utayalowesha kwa jasho lako mwenyewe.

[20:15] Rehema: Kabla ya hela kutoka. Nani ananunua? Nauliza kwa sababu ya zile hudi za kijivu alizotununulia Rashidi.

[20:15] Tunu: Haya, zimefufuka

[20:19] Rashidi: Rehema nilijua utafika hapo.

[20:21] Rehema: Niliomba M nikapewa XL. Chenji mpaka leo. Na pamba tupu, siku ya mvua kila mtu aliona.

[20:24] Rashidi: Niliweka picha hapahapa kikundini. Nikauliza mara ngapi? Aliyejibu ni Anko peke yake, kwa dole gumba. Nikanunua kwa hilo dole.

[20:25] Sefu: Dole la Anko lina mamlaka jamani 😂

[20:25] Mwanaidi: Sefu, hapana. Si sasa.

[20:26] Rehema: Picha haionyeshi kitambaa.

[20:27] Rashidi: Sawa. Nunueni wenyewe.

*Rashidi ameondoka kwenye kikundi*

[20:31] Mwanaidi: Rehema.

[20:31] Rehema: Nimesema uongo?

*Mwanaidi amemwongeza Rashidi*

Jumatano

[06:20] Tunu: Nimemsomea Bibi. Amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze neno.

[06:24] Tunu: "Nasri tulimvua hudi iliyolowa, midomo imempauka, hawezi kushika kikombe. Nilimlaza kifuani mpaka alfajiri. Rashidi aliwauliza mkanyamaza, kisha mkamtupia lawama. Leo Mwanaidi anauliza, mnamnyamazia vilevile. Asiyemjibu abaki nyumbani na mimi. Na wa kwanza kupata awe Nasri."

[09:12] Rehema: Shikamoo Bibi. Tumesikia. M, zipu fupi, flisi.

[09:13] Rehema: Kaka Rashidi nitakupigia mchana.

[09:15] Anko Hamisi: Shikamoo Mama. XL. Zipu ndefu, ile fupi kuivua mpaka unipe msaidizi.

[09:16] Sefu: L, zipu fupi. Samahani Bibi.

[09:40] Mama Nasri: Asante Mama. Nasri nimnunulie kubwa akue nayo?

[09:44] Mwanaidi: Hapana wifi. Ikipwaya hewa baridi inaingia kwa chini na joto linatoka shingoni. Mvalishe fulana yake ya ndani, aivae hudi juu, anyanyue mikono yote miwili. Kiuno kikibaki kimefunikwa na mabega hayabani, hiyo ndiyo yake. Kisha jaketi juu, akunje viwiko.

[09:46] Mwanaidi: Na kofia iwe ya kukaa karibu na kichwa, ili ya jaketi ikae juu yake. Kofia pana humziba macho mtoto.

[09:47] Mwanaidi: Wifi nitumie vipimo vyake leo.

[10:05] Sefu: Dada, kama hudi ni nzuri hivyo si nivae hiyo tu? Jaketi la nini?

[10:09] Mwanaidi: Flisi ya kawaida haizuii upepo, unapita katikati ya nyuzi. Na kila mita 1,000 tukipanda joto linapungua kama nyuzijoto 6. Jaketi libebe hata kukiwa na jua.

[10:10] Sefu: Sawa. Ila rangi nyeusi.

[10:11] Mwanaidi: Watoto wote rangi kali, ukungu ukishuka tuwaone. Wakubwa tutazungumza.

[10:11] Tunu: Mimi ni mtoto au mkubwa?

[10:12] Sefu: Inategemea kazi iliyopo 😂

[13:50] Shangazi: Iwe na ule mfuko mkubwa wa mbele.

[13:53] Mwanaidi: Shangazi, mkanda wa begi unapita palepale kiunoni, mfuko utabanwa na vitu vyake. Tafuta mfuko wa kifuani.

[13:53] Mwanaidi: Na saizi Shangazi, tafadhali.

[17:20] Rashidi: Ya Nasri nitanunua mimi. Zingine siingilii.

[17:22] Mwanaidi: Asante kaka. Nipigie picha lebo ya ndani kabla hujalipa, ile yenye asilimia za kitambaa.

[17:25] Rashidi: Lebo nasoma mwenyewe.

[17:26] Mwanaidi: Najua unasoma. Nipigie tu.

[17:58] Mama Nasri: Nasri yuko shule, vipimo akirudi.

[20:30] Mwanaidi: Nimebakiza Shangazi, Khadija na Baba Khadija. Tunu nawe hujaandika saizi. Naagiza kesho jioni.

[20:34] Tunu: M. Au S. Nitaijaribu ya Rehema kwanza

[20:35] Rehema: Ile XL?

[21:02] Khadija: 👍

[21:03] Mwanaidi: Khadija, dole hapana. Andika.

[21:40] Shangazi: Yangu usiagize. Nataka niishike kitambaa kwa mkono kwanza.