Jina Edward lina maana gani?

Swali, kutoka Moshi:
Ndugu zangu, mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, na baba yangu ameomba mjukuu apewe jina lake, Edward. Cheti chake cha ubatizo, kilichokunjwa hadi kuchanika katikati, kina jina tu bila maelezo. Asili yake ni ipi?

Jibu, Arusha mjini:
Hongera sana, ndugu. Ni jina la Kiingereza cha kale lililounganisha "ead", yaani mali au neema, na "weard", yaani mlinzi. Majina mengi ya aina hiyo yalififia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lakini hili lilidumu kwa kuwa Mfalme Henry III, aliyemheshimu mno Mtakatifu Edward Muungamishi, alimpa mwanawe aliyezaliwa mwaka 1239, ambaye ndiye wa kwanza kati ya wafalme wanane walioitwa hivyo tangu uvamizi ule.

Jibu, Monduli:
Huku kwetu jina hili ni la Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na baadaye la Lowassa. Mpe mtoto bila wasiwasi.

Muuliza:
Asanteni. Jioni hii nitamsomea mzee majibu yenu.