Darasa la kwanza: hadithi kwanza au ba be bi bo bu kwanza?

Mwl wa Wadogo
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, mwaka wa tisa huu, shule ya serikali, mkoa siutaji. Nina watoto 118 chumba kimoja, madawati mnajua wenyewe. Nina hoja nataka muichane bila huruma, maana ofisini tumebishana mpaka chai imepoa.

Mwenzangu anasema mtoto amalize silabi zote kwanza, ndo tumletee hadithi, tena kama zawadi. Mimi nasema hadithi iingie wiki ya kwanza na silabi zitoke humohumo ndani ya hadithi. Ninavyofanya: nawapigia paukwa, wanaitikia pakawa, nawapa ya fisi na sungura, halafu nawaambia haya nani anisimulie tena. Akisema "fisi ana njaa" naiandika ubaoni vilevile alivyosema, tunaisoma wote nikiwa nagusa neno kwa neno. Kesho yake nakata maneno kwenye vipande vya boksi, fisi tunalikata fi - si, na kutoka hapo ndo nawapeleka fa fe fi fo fu. Sasa fi sio mdudu wa kukariri tena, ni kichwa cha fisi wanayemjua.

Nawasilisha.

Mzee wa Chaki
Mwalimu, nimestaafu na nimefundisha hao wadogo kabla hujazaliwa labda. Ngoja nikwambie kitu, Kiswahili sio Kiingereza. Kule mtoto anaona herufi moja leo inasomwa hivi kesho vile, wana haki ya kuhangaika na mbinu mia. Kwetu irabu ni tano na hazibadiliki, a ni a Tanga na a ni a Kigoma, silabi nyingi zinaishia na irabu, mtoto akizishika anasoma neno lolote hata asilolijua maana. Hiyo ni neema, unaichezea kwa nini?

Halafu hao wako hawasomi, wanaghani. Chukua hiyo "fisi ana njaa", ziba mbele, gusa neno la katikati muulize hili nini. Utaona anaanza kunong'ona fisi... ana... anahesabu kwa kidole mpaka afike. Huyo ameshika wimbo, hajashika herufi.

Mwl wa Wadogo
Hapo umenishika mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya kuhesabu kwa kidole nimeiona kwa macho yangu, ndo maana nakata boksi na kuvuruga maneno. Akiweza kupanga "njaa ana fisi" na akacheka, najua kasoma, kwa sababu mwenye wimbo tu hawezi kucheka kosa.

Ila na mimi nikushike kidogo. Wale wa silabi wakifika kwenye mbwa, ng'ombe, kunywa wanakwama kama gari la mkaa kwenye tope, kwa sababu ba be bi bo bu haikumwandaa kwa konsonanti mbili tatu kukaa pamoja. Mtoto aliyeshamjua mbwa kwenye hadithi anapambana nalo neno, anataka ajue mbwa kafanyaje. Asiyemjua anafunga daftari.

Baba wa Watatu
Mimi sio mwalimu ila naunga mkono hoja. Wa kwangu wa darasa la tatu anasoma gazeti kwa sauti kama mtangazaji, ukimuuliza wamesema nini anakuangalia tu. Nikamwambia mwandikie bibi barua, akaandika mimi naitwa fulani ninasoma darasa la tatu, nukta. Nikasema endelea, akasema "hapo ndo huwa tunaishia na mwalimu". Kumbe yote ni ya kunakili ubaoni!

Na tusiwalaumu walimu peke yao jamani. Toka 2012 mtihani wa darasa la saba mtoto anasiliba viduara mashine inasahihisha, siku hizi wameweka maswali machache ya kuandika mwishoni lakini sehemu kubwa bado ni kusiliba. Sasa nani atahangaika kumfundisha kutunga wakati hakuna anayempima kutunga?

Dada wa Nakuru
Jameni hii debate mbona mnaifanya ya kuchagua moja. Huku Kenya Tusome, ule mpango wa kufundisha wadogo kusoma, ilipoanza shule za umma nchi nzima 2015, kitabu kimoja kilikuwa na yote, sauti za herufi, silabi, halafu hadithi fupi yenye maneno ya sauti hizohizo, na maswali baada ya hadithi. Kilichosaidia sana kwa maoni yangu ni kila mtoto kuwa na kitabu chake. Hadithi ubaoni sawa, lakini kitabu analala nacho.

Mwl wa Wadogo
Dada umegusa kidonda. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamefurika, jambo jema kabisa, lakini kwangu kitabu kimoja wanakiangalia wanne na wa pembeni anasoma kichwa chini. Sitanii, ninao wawili wanaosoma kitabu kikiwa kimepinduka vizuri kuliko kikiwa wima. Ndo maana ubao na boksi, boksi la sabuni bure dukani.

Msukuma wa Ndani
Nyie mnabishana kama vile watoto wote wameamka wanaongea Kiswahili. Mimi nipo kijijini Shinyanga, mtoto anaingia darasa la kwanza Kiswahili chake ni "shikamoo mwalimu" basi. Silabi anakariri vizuri tu, hata ma mi mu anaimba, ila hajui anasema nini. Nikileta hadithi ya Kiswahili inampita juu. Ninachofanya, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija sifanyi, namwacha mmoja aisimulie kwanza Kisukuma wacheke washibe, ndo naileta Kiswahili na ubaoni. Kwenye andalio la somo naandika "masimulizi". Mnisamehe.

Mzee wa Chaki
Huyo wa Shinyanga namwelewa, na sisi tulifanya, hatukuandika tu.
Lakini Mwl wa Wadogo hujajibu la kuandika. Kusoma nimekusikia. Watoto 118 wakiandika hadithi zao wenyewe nani anasahihisha? Na wakikosea tahajia unawaacha?

Mwl wa Wadogo
Siwezi kusahihisha 118, nasema ukweli. Kwa siku nachukua safu moja, wengine wanasomeana. Na tahajia siweki alama nyekundu kila mahali, nachagua kosa moja. Jana kuna mmoja kaandika mwenyewe, sio kunakili:

"fisi kaja usiku kala busi yabibi bibi katoka na fajio"

Nikapigia mstari busi tu, tukalisema pamoja, mb, mb, mbuzi, akafuta akaandika. Ufagio na yabibi nimeviacha mpaka wiki ijayo. Mzee ungeweka mangapi hapo, manne? Mtoto wa miezi sita shuleni kaniletea fisi, mbuzi, bibi na ufagio kwenye mstari mmoja.

Mzee wa Chaki
Ningeweka manne, ndiyo. Na "mbuzi yabibi" ningemwambia ni mbuzi wa bibi.
Haya, bibi katoka na ufagio, ikawaje?

Mwl wa Wadogo
Kengele ililia. Kesho ndo namuuliza.