Naomba ushauri: grafu zangu watu wanaziangalia tu, hawaoni kitu

Wakuu habari zenu, mimi nakusanya takwimu za kuhara kwenye kata yetu, kila mwezi napeleka grafu za nguzo kikaoni, wajumbe wanaitikia tu basi, hakuna swali. Sasa nimesoma habari za daktari John Snow, London 1854, kipindupindu kimepiga mtaa wa Soho yeye akaweka alama za vifo kwenye ramani, zikaonekana zimerundikana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Jedwali lisingeonyesha hivyo kabisa! Nami nikachora visima vyetu kwa mkono, mzee mmoja akainuka akaonyesha kisima ambacho hata sikukiweka. Sasa niwaachie wachore wenyewe au nije na ramani iliyokamilika? Aliyewahi kufanya hii kitu anisaidie jamani.