Wanafunzi wanakariri aina za michanganyiko, lakini kuainisha hawawezi. Nisaidieni mbinu

Chaki_Mkononi:
Habari zenu wakuu. Nafundisha sayansi, wanafunzi wa miaka 12 hadi 14, na sasa tuko kwenye michanganyiko. Ukiwauliza mmumunyo ni nini (kitu kimeyeyuka kabisa), suspensheni ni nini (chembe zinatuama), koloidi ni nini (chembe ndogo zisizoyeyuka wala kutuama), wanakumwagia fasili bila kukosa neno. Ukitaka mifano unapewa ileile ya kitabuni: maji ya chumvi, maji ya matope, maziwa.

Kazi inaanza ukiweka mezani kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Niliweka bika (chombo cha kioo cha maabara) ya kopa salfeti iliyoyeyushwa kwenye maji, ile ya bluu. Nusu ya darasa wakakataa kwamba ni mmumunyo, eti mmumunyo hauna rangi. Nikauliza kuhusu hewa, nikajibiwa hewa si mchanganyiko, ni hewa tu.

Nina bika, karatasi za chujio, tochi na sumaku. Vipindi vilivyobaki ni vichache. Mnaofundisha mada hii, mnaipitishaje?

Bi_Maabara:
Pole mwalimu mwenzangu. Wanafunzi hawana tatizo, orodha ndiyo tatizo. Ifiche kwanza, na majina ya aina usiyataje kabisa.

Panga bika nne, ziandike A, B, C na D. Moja maji ya chumvi, moja kopa salfeti (wasionje wala kushika), moja maji yenye matone machache ya maziwa, moja maji yenye unga wa chaki. Kila kikundi kifanye mambo matatu: waiache itulie waone kama kuna kinachotuama, waichuje, halafu waimulike kwa tochi kutoka ubavuni chumba kikiwa na giza.

Chaki itatuama, na ukichuja itabaki kwenye karatasi. Maziwa hayatuami na yanapita kwenye karatasi kama vile hamna kitu, lakini ukimulika unaona mstari wa mwanga umekatiza bika. Kwenye kopa salfeti mstari huo hauonekani. Hapo ndipo unawauliza: sasa tuzigawe makundi mangapi? Wakishagawa wenyewe, wape majina.

Maziwa yawe matone mawili matatu tu. Ukimimina, bika yote inakuwa nyeupe na hakuna mstari wa kuona.

Kuhusu rangi, weka karatasi yenye maandishi nyuma ya bika. Kama wanayasoma vizuri kupitia ule ubluu, kimiminika ni angavu. Kuwa angavu na kukosa rangi ni vitu viwili tofauti, na darasa lako limevichanganya.

Sumaku99:
Nakazia alichosema Bi Maabara, ila chunga hiyo bika ya chumvi. Chumvi ya mezani mara nyingi huwekewa kitu cha kuzuia isigandane, na baadhi ya vitu hivyo haviyeyuki kwenye maji. Maji yanakuwa na ukungu kidogo, ukimulika mstari unaonekana, na mwanafunzi makini atakwambia "mwalimu, hii si mmumunyo". Atakuwa sahihi, na wewe utakuwa umekwama mbele ya darasa. Tumia chumvi safi ya maabara, au sukari nyeupe. Maji ya bomba nayo yakitoka tu huwa na viputo vidogovidogo, yaache yatulie kabla ya somo.

Na iwe tochi, si leza. Watoto wa umri huo lazima mmoja atamulika macho ya mwenzake.

Mzee_wa_Kemia:
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Hilo jibu la hewa limenishtua kuliko la kopa salfeti. Mtoto anayesema hewa ni hewa tu bado hajatenganisha mchanganyiko na dutu safi (kitu cha aina moja tu), na wewe unamkimbiza kwenye koloidi! Rudi nyuma kipindi kimoja.

Chukua unga wa chuma gramu 7 na salfa gramu 4, changanya. Funga sumaku kwenye karatasi, pitisha juu: chuma kinatoka, salfa inabaki. Huo ni mchanganyiko, kila kimoja kimebaki na tabia zake. Kisha pasha moto kiasi kidogo kwenye neli ya kioo mpaka kiwake chenyewe. Kinachobaki ni donge jeusi, ni salfaidi ya chuma, na sumaku haikitoi chuma tena. Sumaku ikivuta bado, ujue kuna chuma ambacho hakikuungana, ndiyo maana vipimo vizingatiwe. Uwiano wa 7 kwa 4 unatokana na uzito wa atomu, 56 kwa 32. Jaribio la moto ulifanye wewe mwenyewe, madirisha wazi, na donge lile lisikaribiane na asidi hata kidogo, linatoa gesi ya sumu.

Ukishamaliza hapo ndipo urudi kwenye hewa: naitrojeni karibu asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21, iliyobaki sehemu kubwa ni agoni. Hewa ikipozwa mpaka iwe kimiminika, naitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196 na oksijeni -183, kwa hiyo zinatenganishwa bila kuvunja kitu. Watajie na shaba ya njano, shaba iliyochanganywa na zinki, nayo ni mmumunyo ingawa ni yabisi. Wengi wanadhani mmumunyo lazima uwe na maji.

Chaki_Mkononi:
Asanteni sana, nimeandika yote. Nina mmoja ananisumbua: anasema maziwa yanafanana kila sehemu, kwa nini kitabu kinasema hayafanani? Nimjibu nini?

Bi_Maabara:
Huyo mlee! Mpe hadubini na tone la maziwa yaliyozimuliwa. Ataona vitone vya mafuta vinaelea. Kwa macho yanafanana, kwa hadubini hayafanani.

Hapo ndipo pa kuleta ukubwa wa chembe: chini ya nanomita 1 ni mmumunyo, kati ya 1 na 1000 ni koloidi, zaidi ya hapo suspensheni. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Matundu ya karatasi ya chujio ni ya mikromita kadhaa (mikromita moja ni nanomita 1000), ndiyo maana koloidi inapita.

Sumaku99:
Na umwambie mipaka hiyo wameiweka watu. Baadhi ya vitone vya mafuta kwenye maziwa vinazidi nanomita 1000. Damu nayo: seli nyekundu zina upana wa mikromita 7 hadi 8 na zinatuama damu ikizuiwa kuganda, lakini plazma yenyewe (majimaji ya damu) ina protini ambazo ni koloidi. Sasa damu ni nini? Mimi kwenye mtihani natoa alama moja kwa jina la aina na mbili kwa ushahidi. Tangu hapo kukariri hakuwasaidii.

Swali ninalolipenda: wanga kwenye maji baridi, na wanga uleule na maji yaleyale baada ya kupashwa moto. Wa kwanza unatuama, wa pili hautuami. Vitu vilevile, aina mbili.

Chaki_Mkononi:
Hilo la wanga naliweka kwenye mtihani, msiwaambie 😂. Naanza na chuma na salfa, bika nne zitafuata. Bi Maabara, chaki niisage laini kiasi gani?

Bi_Maabara:
Usiisage sana. Ikiwa laini mno itachelewa kutuama, na nyingine itapenya kwenye chujio, kisha kila kikundi kije na jibu lake. Iponde tu kwa kitako cha chupa, inatosha.