Filamu za sarakasi za mwanzo wa sauti: mbona juu ya bembea hawasemi?

Mpenda Reli: Wadau, nafuatilia filamu za sarakasi za 1928 hadi 1933. Ugomvi wote husemwa chini, vyumba vya nyuma. Wakishapanda bembea ni muziki tu. Halafu kwenye nakala ya Salto Mortale (1931) mikono inakatika juu ya fremu pale pale mrukaji anapodakwa. Kosa ni la nakala?

Fundi Projekta: Mkuu, gawanya upana wa picha kwa kimo chake. Mstari wa sauti uliwekwa ubavuni mwa mkanda, ukala upana, hivyo filamu nyingi za miaka hiyo zilibaki karibu mraba, 1.19 kwa 1. Kipimo cha 1.37 kilishika 1932. Picha ya 1.19 ukiijaza kwenye 1.37 unapoteza karibu asilimia 13 ya kimo, na kwenye bembea juu ndiko mikono iliko. Tafuta nakala yenye mistari myeusi kulia na kushoto mwa picha, hiyo haijakatwa.

Kuhusu ukimya: kamera zilinguruma, zikafungiwa kwenye kibanda kizito pamoja na mpiga picha. Kibanda hicho hukipandishi kwenye paa la hema. Pasipo na maneno walipiga bila sauti, muziki ukaja baadaye. Kamera ikienda chini ya fremu 24 kwa sekunde, kasi ya kuonyeshea filamu za sauti, mrukaji anaonekana karukaruka kama karatasi, hana uzito.

Bi Hema: Mtazameni mdakaji. Ananing'inia kwa magoti, kichwa chini. Mrukaji anaachia fito kwanza, ndipo washikane vifundo vya mikono. Kwa hiyo mume aliyesalitiwa akiwa mdakaji, hahitaji kisu, achelewe tu. Dupont, aliyetengeneza Salto Mortale, alishaichezea hofu hiyo kwenye filamu bubu ya Varieté (1925): mdakaji Boss anawaza kumwachia Artinelli, mrukaji aliyemchukulia mpenzi wake, aanguke, ila anakuja kumuua chini, kwa kisu. Freaks (1932) imekwenda njia nyingine, Cleopatra wa bembea anatumia sumu. Nayo ilikatwa kutoka dakika 90 hivi hadi 64, msishangae visa kuruka.

Fundi Projekta: Na 4 Devils, filamu ya bembea ya mwongozaji Murnau: ilitoka 1928 bila mazungumzo, kisha 1929 kampuni ya Fox wakaongeza sehemu za kusema bila yeye kusimamia. Filamu hiyo imepotea. Anayekuuzia "nakala kamili" usimpe hela, kilichobaki ni picha za mnato na maandishi.