MREJESHO: Baba mdogo na dapsoni

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu baba mdogo aliyepata homa, vipele mwili mzima na macho ya njano wiki ya 5 tangu aanze dawa za ukoma. Mliosema "mpeleke hospitali leo leo", Mungu awabariki. Daktari alisema ni mzio wa dapsoni, moja ya dawa zake za ukoma, akaisimamisha palepale, akampima ini na wingi wa damu, akamwanzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza mzio. Homa imekata, ngozi bado inabanduka. Anaendelea na zile dawa nyingine mbili za ukoma, rifampisini na klofazimini, mpaka miezi 12 itimie. Dapsoni ndiyo haigusi tena maishani. Na wewe uliyesema karogwa kisa mkojo mwekundu, ile ni rangi ya rifampisini tu, ndugu yangu!