Mtoto kanyimwa nafasi ya shule, ukakata rufaa? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Uandikishaji umeanza na wapo wazazi wanaorudishwa na watoto wao. Kama ulikataliwa ukapambana, tuambie ulipitia wapi. Naanza mimi.

Mwanangu ana ulemavu wa miguu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaniambia, "Mama, huyu mpeleke shule maalumu." Hiyo shule ni ya bweni, mkoa mwingine, na mtoto ana miaka sita! Nikamwomba aniandikie sababu kwenye karatasi, agonge muhuri. Hakutaka. Nikaandika barua kwa Afisa Elimu Msingi wa wilaya, nikataja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto kama wangu haki sawa ya kupokelewa shuleni. Nakala yangu nikaigongesha muhuri wa mapokezi. Jamani, msiiache hiyo nakala. Niliporudi kufuatilia niliambiwa barua haionekani, nikaitoa mkobani, wakaanza kunisikiliza. Sasa yuko darasa la tatu, anakaa dawati la karibu na mlango ili fimbo zake zisimsumbue mtu.

Mdau, Iringa:
Hongera sana dada. Mdogo wangu alijifungua akiwa kidato cha pili. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi, ila mkuu wa shule alisema nafasi zimejaa. Tukapanda kwa Afisa Elimu Sekondari, akampangia shule ya kata nyingine. Tulikubali. Kule hanyooshewi vidole.

Mdau, Uingereza:
Huku barua ya kukunyima nafasi inakueleza na haki yako ya rufaa, unapewa siku zisizopungua 20 za masomo. Inasikilizwa na jopo huru la watu watatu au zaidi. Kusifia shule hakusaidii. Eleza kwa nini mtoto huyu anaihitaji. Sisi tuliambatisha barua ya mtaalamu wa matamshi. Binti alikuwa anaingia sekondari, tukashinda. Kwa wadogo wa miaka 5 hadi 7 ni kazi ngumu, kwa sababu sheria inataka darasa lisizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja.

Mdau, Kigoma:
Mama uliyeanza, barua uliipeleka moja kwa moja wilayani?

Mwanzisha mada:
Hapana ndugu yangu, niliipitisha kwa Afisa Elimu Kata. Ukimruka, wilayani watakurudisha kwake.